Watu saba katika chumba kimoja: mwongozo kamili wa kulaza familia kubwa kwenye nyumba ya wageni mjini Kigoma

Kila msimu wa likizo na wa harusi, familia zinazoshuka Kigoma kwa treni, kwa basi au kwa boti hukwama katika jambo lile lile. Watu sita, saba au wanane huingia katika chumba kimoja cha nyumba ya wageni, na ikifika saa sita usiku nusu yao bado wako macho: baba anasinzia kwenye kiti cha plastiki, mtoto ameshaanguka kitandani mara moja, godoro la shangazi limeziba mlango wa choo, na kulipokucha mwenye nyumba anadai fedha ambazo hazikutajwa jana. Nimekaa mapokezi ya nyumba ya wageni katika mji huu kwa miaka kadhaa na nimewaona wakishindwa kwa namna zinazofanana mno, hata nikatambua kwamba udogo wa chumba si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba wanaanza na kitanda, ilhali walipaswa kuanza na sakafu.

Katika maelezo yote yanayofuata nitatumia mfano mmoja ili hesabu zieleweke. Chumba kina futi 12 kwa futi 12, kina choo na bafu ndani, na kina kitanda kimoja cha futi 5 kwa 6. Familia ina baba, mama, binti wa miaka 15, na watoto wanne wenye umri wa miaka 10, 8, 6 na 4. Ukielewa jinsi hawa saba wanavyolala bila kubanana, utaweza kurekebisha mpango huu kwa familia yako mwenyewe.

## Wakati ambao hupaswi kujaribu

Yapo mazingira ambayo kuchukua chumba cha pili si anasa, na ni bora uyafahamu kabla hujafungua begi.

La kwanza ni ukwe. Kwa wengi wetu haiwezekani mwanamume akalala chumba kimoja na mama mkwe wake, hata kama pazia limewekwa katikati na hata kama mzee mwenyewe, kwa upole wake, atasema hana neno. Atasema hana neno, kisha atakaa kitako hadi alfajiri. Ikiwa mkwe yumo katika msafara, mpe chumba chake pamoja na mjukuu mmoja wa kike wa kumtuma maji, na hapo utakuwa pia umepunguza watu katika chumba kikubwa.

La pili ni ugonjwa. Familia nyingi huja Kigoma kumleta mgonjwa Hospitali ya Maweni, na mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu hapaswi kulala na watoto katika chumba kilichofungwa. La tatu ni mtoto mchanga. Kichanga anahitaji kulala chali, mahali pake peke yake, pasipo mito wala mablanketi mazito karibu na uso, na nafasi hiyo haipatikani kwa usalama katikati ya watu saba waliochoka. La nne ni chumba chenyewe: kikiwa chini ya futi 10 kwa 10, mpango huu hauwezekani kwa zaidi ya watu watano.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya safari

- Vyandarua viwili vya pembe nne vyenye dawa, kwa ajili ya watakaolala chini. Kikiwa kipya, kianikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika ili dawa isiwashe ngozi.
- Kamba ya manila ya mita 10 hivi, na vipande vifupi vya kufungia pembe za vyandarua.
- Mikeka miwili. Mkeka hutangulia chini ya godoro ili godoro lisigusane na unyevu wa sakafu.
- Shuka tatu za ziada, na vitenge au kanga nne. Kitenge kitakuwa shuka, pazia na taulo kwa nyakati tofauti.
- Kipande cha nailoni nene cha kutandika chini ya shuka ya mtoto ambaye bado anakojoa kitandani.
- Mita ya fundi cherehani.
- Tochi au taa ndogo ya sola, pamoja na ekstensheni moja ya umeme iliyo nzima.
- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na kopo. Vyumba vingi vina ndoo moja tu, nayo haitoshi.
- Kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Usibebe jiko la mkaa kwa nia ya kuchemshia uji chumbani. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini, na chumba chenye watu saba na madirisha yaliyofungwa ni mahali pabaya kuliko pote pa kuuwasha. Chai ichukuliwe kwenye chupa ya chai, na chakula kinunuliwe kwa mama ntilie.

## Hatua ya 1: Piga simu na utaje idadi ya kweli

Piga simu siku mbili au tatu kabla ya kusafiri, useme bila kuzunguka: "Tuko saba, watu wazima wawili, binti mmoja na watoto wanne, tunaomba chumba kimoja na magodoro mawili ya ziada ya kutandika chini." Kisha uliza mambo matano: kitanda ni cha futi ngapi, magodoro ya ziada yapo na ya futi ngapi, kila godoro linalipiwa kiasi gani kwa usiku, chai ya asubuhi ni ya watu wangapi, na maji yanatoka saa zote au kwa zamu.

Swali la chai husahauliwa na wengi. Mara nyingi bei ya chumba hujumuisha chai ya watu wawili, na watoto watano wakikaa mezani bila makubaliano, bili ya vitumbua na mayai inaweza kuwatia wazazi aibu mbele ya wageni wengine. Kubaliana mapema au panga kununua maandazi nje.

Sababu ya kusema ukweli haiishii kwenye uungwana. Majina ya wageni huandikwa katika kitabu, na kitabu hicho ndicho kitakachotazamwa endapo moto utatokea au mtoto atapotea. Niliwahi kupokea wazazi walioandika watu watatu, kisha wakawapitisha watoto wengine wanne kwa mlango wa uani wakati mlinzi amekwenda kuswali. Saa nane usiku mtoto mmoja alipandwa na homa kali, na mama alichelewa karibu nusu saa kuja kugonga mapokezi kwa sababu aliona haya kukiri kwamba mtoto huyo yupo.

Kabla ya kukubali bei, fanya hesabu ndogo. Jumlisha malipo ya magodoro ya ziada, kisha uyalinganishe na bei ya chumba cha pili. Mimi hushauri kwamba yakizidi theluthi mbili ya bei hiyo, uchukue vyumba viwili na ulale vizuri.

Umefanikiwa ikiwa mhudumu amekutumia ujumbe wa simu unaotaja idadi ya watu, idadi ya magodoro na jumla ya malipo. Maneno matupu ya simu hayatoshi, kwa kuwa atakayekupokea huenda si yule uliyezungumza naye.

## Hatua ya 2: Kagua chumba kabla ya kulipa

Familia iliyotoka Dar es Salaam kwa treni ya Reli ya Kati imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kupitia Dodoma na Tabora, na inapofika hutamani kulipa chochote ili ijitupe kitandani. Jizuie kwa dakika kumi. Mama na watoto wakae mapokezi na mizigo, mtu mzima mmoja aende kukagua.

Pima sakafu. Kama umesahau mita, tumia vigae: vikiwa vya sentimita 40, hesabu 9 kutoka ukuta hadi ukuta, nawe umepata karibu futi 12. Kanga nayo husaidia, kwa kuwa urefu wake ni kama mita moja na nusu, ambao ni karibu sawa na upana wa kitanda cha futi 5.

Fungua bomba uone maji. Washa pangaboi uone kama linazunguka sawasawa bila kuyumba. Tazama kama dirisha lina wavu usiotoboka, na kama nondo zake ni imara kiasi cha kufungia kamba. Tazama soketi zote, maana watu saba wana simu tatu au nne.

Uliza dirisha linatazama upande gani. Wageni hupenda chumba kinachotazama Ziwa Tanganyika, nami siwalaumu, kwani jua likizama nyuma ya milima ya Kongo hakuna asiyesimama kulitazama. Lakini ziwa liko magharibi yetu, na chumba kinachotazama magharibi hupigwa na jua tangu saa nane mchana hadi jioni, kwa hiyo kuta na sakafu huendelea kutoa joto hadi usiku. Kwa watu wawili hilo linavumilika. Kwa watu saba chagua upande wa mashariki, na ziwa mkalitazame kwa miguu.

## Hatua ya 3: Gawa sakafu robo nne

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, na ifanyike kabla ya begi hata moja kuingia chumbani.

Simama mlangoni ukitazama ndani, na uchore kwa mawazo msalaba unaokigawa chumba katika robo nne, kila moja ikiwa na futi 6 kwa 6. Tuchukulie kwamba mlango uko kwenye kona ya kulia iliyo karibu nawe. Robo hiyo ya mlango haitalaza mtu. Itabaki wazi usiku kucha.

Robo ya mbali kushoto, iliyo mkabala na mlango kwa mshazari, ni ya kitanda. Kisogezwe hadi kwenye kona, kichwa chake kikigusa ukuta wa mbele na ubavu wake mrefu ukigusa ukuta wa kushoto. Kinyanyuliwe na watu wawili, kisiburuzwe. Niliwahi kulipia tendegu la kitanda cha mninga kwa sababu nilikuwa na haraka, na fundi aliyelitengeneza alinieleza kwamba matendegu hayavunjwi na uzito wa mlalaji, huvunjwa na kuburuzwa kwa ubavu.

Robo ya mbali kulia ni ya godoro la wazazi, futi 4 kwa 6, likiambaa na ukuta wa kulia. Upana wa chumba ni futi 12. Ukitoa 5 za kitanda na 4 za godoro, zinabaki futi 3 katikati. Hiyo ni njia.

Robo ya karibu kushoto ni ya binti. Godoro lake la futi 3 kwa 6 lilazwe likiambaa na ukuta ule ule wenye mlango, ili kati yake na miguu ya kitanda zibaki tena futi 3. Sasa kila mlalaji anaweza kuamka na kufika mlangoni bila kumkanyaga mwenzake.

Ikiwa mlango wa choo uko katika robo ya binti, mhamishie robo ya mbali kulia, nao wazazi walale katika robo hii ya karibu. Kanuni ni moja tu: mlango wa kutokea na mlango wa choo vyote viwili vifunguke hadi mwisho bila kugusa godoro.

Onyo: usiku wa pili, watu wakishazoea, kishawishi cha kusogeza godoro moja kwenye robo ya mlango ni kikubwa, hasa upepo unapopitia chini ya mlango. Usikubali. Madirisha ya nyumba zetu yana nondo, na moto ukizuka mlango huo ndio tundu pekee la kutokea.

Umefanikiwa ukiweza kuzima taa, kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni ukiwa umefumba macho, na usijikwae.

## Hatua ya 4: Laza watoto wanne kwa upana wa kitanda

Wazazi wengi huchukua kitanda wao wenyewe na kuwarundika watoto chini. Mimi nawashauri wafanye kinyume, na sababu ni hesabu ya sentimita.

Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina upana wa sentimita 152 na urefu wa sentimita 183. Watoto wakilala kwa urefu wake, wanne wanagawana sentimita 152, yaani 38 kila mmoja, na hapo viwiko huanza vita. Wakilala kwa upana, vichwa ukutani na miguu upande wa wazi, wanagawana sentimita 183, yaani karibu 46 kila mmoja. Mtoto wa miaka 10 kwa kawaida ana kimo cha sentimita 140 hivi, kwa hiyo miguu yake haining'inii. Binti wa miaka 15 tayari amepita kipimo hicho, na ndiyo maana amepewa godoro lake, mbali na sababu nyingine ambazo kila mzazi anazijua.

Mpangilio wa watoto una maana yake. Mkubwa wa miaka 10 alale mwisho wa wazi, upande wa miguu ya kitanda, awe kingo. Wa miaka 4 alale wa pili kutoka upande wa kichwa cha kitanda, kati ya wa miaka 8 na wa miaka 6, ili asifike ukingoni akigeuka. Upenyo wowote kati ya godoro na ukuta uzibwe kwa blanketi lililokunjwa na kusukumizwa kwa nguvu, kwa kuwa mkono au mguu wa mtoto unaweza kunasa humo. Mikeka isiyotumika au mito ipangwe sakafuni kwenye ubavu wa wazi, kwa usiku wa kwanza tu, hadi ujue nani anagaagaa.

Mtoto anayekojoa kitandani asichanganywe na wenzake. Apewe mkeka na godoro dogo sakafuni, nailoni chini ya shuka, na aamshwe saa tano usiku kwenda chooni. Kuficha godoro lililolowa kwa kuligeuza upande wa pili ni hila ambayo kila mfanya usafi anaijua, na gharama yake huwa kubwa kuliko ya kusema.

## Hatua ya 5: Kila mlalaji ndani ya chandarua

Kigoma ina malaria, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio huathirika vibaya zaidi. Chandarua cha hoteli huwa kimoja, cha duara, kilichokusudiwa watu wawili waliolala kwa urefu wa kitanda. Watoto wanne waliolala kwa upana watakigusa kwa nyayo na kwa vichwa, na mbu humng'ata mtu kupitia matundu pale ngozi inapogusana na kitambaa. Kwa hiyo omba, au beba, chandarua cha pembe nne cha futi 6 kwa 6 kwa ajili ya kitanda cha futi 5 kwa 6. Futi hiyo moja ya ziada inakwenda upande wa miguu ya watoto.

Kufunga chandarua wakati kitanda kimeshabanwa ukutani ni kazi inayowashinda wengi, kwa sababu mkono haupiti. Fuata utaratibu huu:

1. Nyanyueni kitanda na kukitenga na ukuta kwa shibiri mbili.
2. Tundika chandarua, kisha chomeka pindo la upande wa ukutani na la upande wa kichwa chini ya godoro, ukilisukuma kwa kiganja kilichonyooka hadi kifundo cha mkono kizame.
3. Rudisheni kitanda ukutani. Sasa pande mbili zimefungwa kwa uzito wa godoro na kwa ukuta.
4. Chomeka upande wa miguu. Ubavu wa wazi uache ukining'inia hadi watoto wote waingie.
5. Watoto wakishaingia, chunguza kwa tochi kama kuna mbu ndani, kisha chomeka ubavu huo ukianzia kwa mdogo.

Kwa magodoro ya chini, funga pembe mbili za chandarua cha wazazi kwenye nondo za dirisha, na zilizobaki kwenye kamba iliyovutwa kutoka juu ya kabati hadi kwenye ndoano ya nguo. Kamba hiyo hiyo itashika pembe mbili za chandarua cha binti, na kitenge kilichotundikwa juu yake kitampa faragha ya kubadilishia nguo. Pindo lichomekwe chini ya godoro, juu ya mkeka.

Kamba iwe juu kuliko kimo cha mtu mzima, isipite mahali ambapo shingo ya mtoto anayekimbia inaweza kuifikia, na isikaribie pangaboi kwa namna yoyote. Usifunge kitu kwenye waya wa umeme wala usipigilie misumari. Ukuta wa mwenyewe una mwenyewe. Mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma visiwashwe katika chumba hiki, kwa kuwa sasa kuna vitambaa vinavyoning'inia pande tatu na watu saba wanaovuta hewa moja.

Umefanikiwa ikiwa, ukizunguka na tochi baada ya wote kulala, huoni mkono wala mguu uliogusa chandarua, na huoni pindo lililo wazi.

## Hatua ya 6: Mizigo

Mabegi makubwa yaingie chini ya kitanda, yakiwa yamelazwa. Kila mtu atoe nguo za kulalia na za kesho tu, na ziwekwe zote katika begi moja la usiku litakalotundikwa kwenye ndoano. Viatu vipangwe kwenye mstari mmoja ukutani, katika robo ya mlango, upande ambao mlango haufungukii.

Wanaorudi kwao na mawese wasilaze dumu chini ya kitanda. Dumu la mawese lisimamishwe ndani ya ndoo, kwa sababu mfuniko ukilegea doa lake halitoki kwenye godoro la mtu. Dagaa wakavu wafungwe kwenye mifuko miwili na, ikiwezekana, wakabidhiwe mapokezi. Harufu yao ni nzuri mezani tu.

## Hatua ya 7: Maji, choo na zamu ya kuoga

Watu saba wakioga asubuhi kwa dakika kumi kila mmoja ni dakika 70, na basi halisubiri. Watoto wote waoge jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, kisha asubuhi wanawe uso na kupiga mswaki tu. Watu wazima na binti ndio wataoga asubuhi, nao ni watatu: nusu saa.

Jaza ndoo zote mbili kabla ya kulala hata kama bomba linatoka vizuri. Ndoo moja ya lita 20 inatosha mtu mzima mmoja au watoto wawili, na akiba ya usiku ni ya choo. Ndoo ifunikwe na iwekwe bafuni, isikae chumbani, kwani mtoto mdogo anaweza kutumbukia kichwa chini.

Sakafu ya bafu ifutwe baada ya kila zamu. Mtu anayetoka bafuni akiwa na miguu inayochuruzika maji ataloanisha njia ya futi 3 ambayo tulihangaika kuipata.

Kwa wanaoswali, njia hiyo ndiyo inayotandikwa msala alfajiri, na inatosha mtu mmoja kwa zamu. Kibla kwa hapa Kigoma ni kaskazini, ikiegemea kidogo mashariki; ukiwa umeelekea huko, ziwa liko kushotoni kwako.

## Hatua ya 8: Kuingia kulala

Wasilale wote kwa wakati mmoja. Watoto wanne waende chooni kwa mfuatano, waingie kitandani, chandarua kifungwe, na taa kubwa izimwe. Binti afuate baada ya robo saa. Wazazi wawe wa mwisho, kwa sababu wao ndio wenye kazi ya ukaguzi.

Dirisha lenye wavu lisifungwe. Watu saba katika chumba kimoja hutoa joto na jasho jingi, na pangaboi likizunguka katika chumba kilichofungwa hurudisha hewa ile ile iliyochoka. Liweke mwendo wa kati. Mwendo wa kasi huinua vyandarua. Wakati wa masika, mvua ikipiga dirishani, funga kioo nusu na ufungue kidirisha cha bafuni kama kipo.

Ufunguo utundikwe mahali pamoja karibu na mlango, na kila mwenye zaidi ya miaka 8 aonyeshwe mahali hapo na afundishwe kufungua gizani. Usiuweke chini ya mto wa baba. Simu zichajiwe kwenye ekstensheni iliyo juu ya meza, isiyo chini ya godoro wala chini ya nguo. Tochi ikae mkononi mwa mama, kwa kuwa umeme ukikatika watoto humwita yeye.

Usiku wa kwanza tarajia mtoto mmoja kulia, kwa ugeni wa mahali tu. Mtulize akiwa ndani ya chandarua badala ya kumtoa, maana ukimtoa mmoja wanne wataamka.

## Hatua ya 9: Asubuhi, chumba kivunjwe

Chumba cha usiku hakiwezi kuwa chumba cha mchana. Kabla ya chai, vyandarua vya chini vifunguliwe na kukunjwa, magodoro mawili yasimamishwe ukutani upande uliolaliwa ukitazama nje ili yapate hewa, mikeka ikung'utwe uani. Kazi hii huchukua dakika 15 ikiwa kila mtu ana lake, na saa nzima ikiwa ameachiwa mama.

Mwambie mfanya usafi saa mtakayotoka, hasa ikiwa mnawahi boti za Kibirizi au mnakwenda Ujiji kutwa nzima. Chumba chenye watu saba kina kazi mara tatu ya kile cha watu wawili, na ahsante ndogo anayopewa siku ya kwanza huleta shuka safi siku ya pili.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Rudisheni kitanda mahali pake kwa kukinyanyua, mkabidhi magodoro mkiwa na mhudumu, na mwombe aandike kwamba ameyapokea mazima. Fungueni kamba zote, pamoja na vipande vidogo vilivyobaki kwenye nondo.

Mtu wa mwisho kutoka awe na tochi. Apige magoti katikati ya ile njia ya futi 3, amulike chini ya kitanda hadi kwenye kona ya ukuta, kisha anyooshe mkono kwenye upenyo uliozibwa kwa blanketi. Hapo ndipo huwa kuna ndala moja ya mtoto, chaja, na mara nyingi tiketi za treni.